Ndoo zilizokataliwa zikalipwa: uchambuzi wa kisa cha orodha iliyokatwa vipande

Kisa hiki kinahusu ushirika mmoja wa wafugaji nyuki mkoani Tabora. Jina la ushirika, vijiji na wahusika vimeondolewa, na idadi zimesogezwa kidogo ili mtu asitambulike, ila hesabu zote bado zinakubaliana. Niliitwa kuusoma msimbo wa programu zao baada ya pesa kwenda kusikotakiwa. Uongozi umeridhia kisa kisimuliwe kwa faida ya wengine wanaoandika mifumo ya aina hii.

## Usuli

Ushirika hukusanya asali kutoka vijiji vilivyo kandokando ya misitu ya miyombo. Wanachama wengi bado wanatundika mizinga ya magome na ya magogo. Wachache wana mizinga ya kisasa. Baada ya kurina, mfugaji huleta asali kituoni kwenye ndoo za lita 20. Ndoo hiyo ikijaa hubeba kama kilo 28, maana asali ni nzito kuliko maji. Mpokeaji hupima uzito, hutia tone kwenye rifraktometa kusoma unyevu, hubandika lebo yenye namba na kuingiza vyote kwenye tableti. Mfugaji anaondoka na stakabadhi. Pesa huja baadaye kwa simu, ndoo ikishafika ghala la mjini na kupita mikononi mwa mkaguzi wa ubora.

Mkaguzi hukataa ndoo kwa sababu ya moshi, uchafu, asali iliyoanza kuchacha, na zaidi ya yote unyevu. Kiwango cha kimataifa cha Codex, yaani kanuni za vyakula za FAO na WHO, kinataka unyevu usizidi asilimia 20 kwa asali ya kawaida, na hapo mnunuzi wa nje hana mjadala. Ndoo iliyokataliwa hurudishwa kwa mwenyewe na hailipwi.

Mfumo una programu mbili. Ya kwanza iko kwenye tableti za vituoni na ghalani. Inafanya kazi bila mtandao na kuhifadhi rekodi zake kwa SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya kifaa chenyewe. Ya pili iko kwenye kompyuta ya mhasibu, nayo inazungumza moja kwa moja na hifadhidata ya PostgreSQL iliyo kwenye seva ya kukodi nje ya nchi. Zote ziliandikwa na kijana mmoja wa hapo mjini, kwa lugha moja, zikichangia maktaba moja ya msimbo. Kuchangia huko kulimwokolea muda mwingi. Ndiko pia kulikoubeba ugonjwa wa tableti hadi kwenye kompyuta ya malipo, lakini hilo litafika mahali pake.

Majedwali yanayotuhusu ni mawili: `ndoo`, yenye mstari mmoja kwa kila ndoo iliyopokelewa, na `kukataliwa`, ambamo mkaguzi huandika namba ya ndoo aliyoikataa pamoja na sababu.

## Mambo yalivyokwenda

Swali moja kwa kila ndoo. Mwanzoni programu ya mhasibu ilichukua orodha ya lebo za shehena na kuuliza hifadhidata ndoo moja baada ya nyingine. Safari ya swali kwenda ng'ambo na jibu kurudi ilichukua kama sehemu ya tano ya sekunde. Kwa shehena ya ndoo 1,400 hiyo ni dakika 4 na sekunde 40, hata kama hifadhidata yenyewe haina kazi ngumu. Mhasibu alizoea kubonyeza kitufe na kwenda kunywa chai.

Orodha nzima kwa mkupuo. Kijana akabadilisha. Badala ya maswali 1,400 akapeleka moja:

`SELECT * FROM ndoo WHERE id IN (?, ?, ?, ...)`

Kila alama ya kuuliza ni parameta moja, yaani nafasi ya kujaza thamani, hapa namba moja ya ndoo. Majibu yakawa yanarudi ndani ya sekunde chache. Uamuzi huu ulikuwa sahihi, na lolote lililofuata lisimfanye mtu arudi kwenye maswali ya moja moja.

Tableti ya ghalani yagoma. Msimu mkubwa ulipofika, lori moja lilileta ndoo zaidi ya elfu. Mtunza ghala akaskani lebo zote, akabonyeza kulinganisha, na tableti ikaleta kosa: `too many SQL variables`, yaani parameta zimezidi. Akaazima tableti nyingine mpya zaidi; ikapita bila tatizo. Kwa muda watu waliamini tableti ya kwanza imechoka.

Haikuwa imechoka. SQLite huweka kikomo cha idadi ya parameta kwenye swali moja. Hadi kabla ya toleo la 3.32.0, la mwaka 2020, kikomo cha kawaida kilikuwa 999. Kuanzia toleo hilo ni 32,766. Android hubeba SQLite yake yenyewe, na matoleo hadi Android 11 kwa kawaida yana ile ya kikomo cha 999, wakati Android 12 ilikuja na mpya. Basi msimbo ule ule, orodha ile ile, tableti mbili, majibu mawili.

Funksheni ya vipande. Dawa aliyoichagua kijana ni ile ambayo wengi wetu tungeichagua tukiwa na lori linasubiri kupakuliwa. Aliandika funksheni, yaani kipande cha msimbo kinachoweza kuitwa mahali popote, inayopokea orodha, inaikata vipande vya namba 900, inauliza swali kwa kila kipande, kisha inakusanya majibu yote na kuondoa yanayojirudia. Akaiweka kwenye maktaba ya pamoja. Kwa kuwa ilifanya kazi vizuri, akaagiza kila swali lenye orodha lipitie humo, la tableti na la kompyuta ya mhasibu, liwe linatumia `IN` (zilizomo kwenye orodha) au `NOT IN` (zisizomo).

Hakuna kilichoharibika siku hiyo, wala wiki zilizofuata. Awamu kadhaa za malipo zilitoka sawasawa.

Mzee na ndoo zake saba. Kisha mzee mmoja akaja ofisini na kofia yake mkononi. "Mama," alimwambia mhasibu, "mlinirudishia ndoo mbili mkasema zina maji. Mbona pesa zimeingia za ndoo zote saba?"

Mhasibu akatoa daftari la mkaguzi, maana ushirika huu, kwa bahati nzuri, haukuwahi kuacha daftari. Awamu ile ilikuwa na ndoo 2,310. Daftari lilionyesha zilizokataliwa ni 65. Mfumo ulikuwa umelipa zote 2,310. Akampigia kijana.

"Mwanangu, mfumo wako umeanza kuwa na huruma."

"Shikamoo mama. Lakini mama, mfumo haujaguswa tangu mwezi uliopita."

Alikuwa anasema kweli. Hapo ndipo penye ugumu wa makosa ya namna hii. Swali la kwanza la kila fundi ni "nani kagusa nini?", na safari hii jibu lilikuwa hakuna. Kilichobadilika ni urefu wa orodha. Programu ya malipo ilikuwa inasoma namba zote zilizokataliwa tangu msimu uanze, kisha inauliza ndoo za awamu ambazo namba zake hazimo. Kabla ya awamu hii orodha ilikuwa chini ya 900, yaani kipande kimoja. Sasa ilikuwa imefika 912.

## Maamuzi ya usiku ule, na sababu zake

Wazo la kwanza la kijana lilikuwa kuongeza ukubwa wa kipande kwenye kompyuta ya mhasibu. PostgreSQL inaruhusu hadi parameta 65,535 kwa swali moja, kwa hiyo kipande cha 30,000 kingetosha kwa misimu mingi. Aliliacha mwenyewe, kwa hoja ambayo naiheshimu: hakuwa bado ameelewa kwa nini vipande viwili vinaleta jibu baya, na hakutaka kuficha asichokielewa.

La pili lilikuwa bora. Namba zilizokataliwa tayari zimo kwenye hifadhidata. Kwa nini zitolewe, zisafiri hadi Tabora, halafu zirudishwe kama orodha? Akaandika:

`SELECT * FROM ndoo WHERE awamu_id = $1 AND id NOT IN (SELECT ndoo_id FROM kukataliwa)`

Hakuna orodha, hakuna vipande, hakuna kikomo. Akaliendesha. Jibu: mistari sifuri. Mfumo uliolipa kila mtu sasa ulikuwa haumlipi yeyote. Ni katika hatua hiyo niliitwa.

## Matokeo

Swali liliandikwa upya kwa `NOT EXISTS`, nitaeleza sababu hapa chini, na likaleta ndoo 2,246. Daftari lilitaka 2,245. Tofauti hiyo ya ndoo moja ilitupa kazi zaidi ya makosa yote yaliyotangulia, na ilistahili.

Pesa zilizokwenda kwa ndoo 65, asali ya takribani kilo 1,800, hazikuweza kurudishwa kwa kubonyeza kitufe. Kamati iliamua zikatwe kwenye malipo yajayo ya wahusika, na kila mmoja aelezwe ana kwa ana kabla ya kukatwa. Wengi walikubali. Baadhi walirudisha wenyewe, akiwemo yule mzee. Wachache hawakuleta asali tena msimu ule, na deni lao lilibaki kwenye vitabu.

## Uchambuzi

### Kwa nini vipande vya NOT IN vinasema uongo

Tuchukue ukumbi wenye milango miwili na orodha ya watu wasioruhusiwa kuingia. Ukiikata orodha nusu kwa nusu na kumpa kila mlinzi nusu yake, aliyezuiwa mlango wa mbele ataingia kwa mlango wa nyuma. Walinzi wote wawili wametimiza wajibu, na ukumbi umejaa wasiotakiwa.

Ndivyo ilivyokuwa. Kati ya namba 64 za awamu hiyo zilizokuwemo kwenye mfumo, 52 ziliangukia kipande cha kwanza na 12 cha pili. Swali la kwanza likaziondoa 52 na kuleta ndoo 2,258. Swali la pili likaziondoa 12 na kuleta 2,298. Funksheni ikaunganisha majibu yote mawili, ikaondoa marudio, na kupata 2,310 kamili. Zile 52 zilirudi kupitia swali la pili, na zile 12 kupitia la kwanza.

Sheria yake ni nyepesi ukishaiona. `IN` ni "au": namba ni hii, au ile, au ile. Maswali ya "au" unaweza kuyakata na kuunganisha majibu. `NOT IN` ni "na": siyo hii, na siyo ile, na siyo ile. Ukiyakata haya, majibu hayaunganishwi. Unachukua tu yale yanayopatikana kwenye kila kipande. Makutano ya 2,258 na 2,298 yangetoa 2,246. Funksheni moja haiwezi kutumikia maswali ya aina zote mbili bila kuambiwa ni aina ipi.

Na hapa niseme neno juu ya kile kipengele cha kuondoa marudio. Kiliwekwa kwa nia njema. Lakini bila hicho, jibu lingekuwa na mistari 4,556 kwa awamu ya ndoo 2,310, na mhasibu yeyote angeruka kutoka kitini kabla ya kutuma pesa. Kuondoa marudio ambayo hujui yametoka wapi ni kuzima king'ora. Mimi huuliza kwanza: kwa orodha hii, marudio yanawezekanaje? Kama hayawezekani, programu inapoyaona isimame na kulalamika.

### Sifuri iliyotokana na lebo yenye asali

Mistari sifuri ilitokana na mstari mmoja wa jedwali `kukataliwa` ambao safu yake ya `ndoo_id` ilikuwa NULL, yaani haina thamani. Mkaguzi alikutana na ndoo ambayo lebo yake ilikuwa imelowa asali hadi namba haisomeki. Aliikataa, akaandika sababu, na kuacha namba wazi. Mfumo ukakubali.

Kwa SQL, kulinganisha chochote na NULL hakutoi kweli wala uongo, kunatoa "haijulikani". Ukiuliza kama ndoo namba 7 haimo katika (3, 5, NULL), jibu ni "haijulikani", maana pengine ile isiyojulikana ndiyo 7. Na `WHERE` hupitisha mistari ya kweli tu. Hivyo NULL moja ndani ya `NOT IN` inatosha kufuta jibu zima. Si hitilafu ya PostgreSQL. Ndivyo kiwango cha SQL kinavyotaka, na hifadhidata nyingine kubwa hufanya vivyo hivyo. Msimbo wa zamani haukuwahi kukumbana na hili kwa sababu ulipokusanya namba ulizitupa zilizo tupu kimyakimya.

`NOT EXISTS` haina mtego huo:

`SELECT n.* FROM ndoo n WHERE n.awamu_id = $1 AND NOT EXISTS (SELECT 1 FROM kukataliwa k WHERE k.ndoo_id = n.id)`

Inauliza tu: je, upo mstari wa kukataliwa unaolingana na ndoo hii? Mstari wenye NULL haulingani na yeyote, basi unapitwa.

Unapitwa, na papo hapo ndipo ile ndoo moja ya ziada ilipojificha. Swali lilikuwa sahihi, lakini ndoo ya lebo iliyolowa bado ilihesabika kuwa imekubaliwa, kwa kuwa hakuna mstari uliotaja namba yake. Msimbo hauwezi kulitibu hilo. Ilibidi mtunza ghala na mkaguzi wakae chini, walinganishe uzito na tarehe za shehena ile, hadi wakaipata. Tangu hapo safu ya `ndoo_id` hairuhusu kuachwa wazi, na lebo hubandikwa mbili: moja ubavuni, nyingine juu ya kifuniko. Ukizuia NULL bila kumpa mkaguzi njia ya kufanya kazi yake, ataandika namba ya uongo ili skrini impitishe. Hiyo ni mbaya kuliko NULL.

### Orodha imetoka wapi?

Hili ndilo swali ambalo ningependa kila anayeandika `IN` ajiulize kabla ya kuandika. Orodha za namba ziko za aina mbili, na mfumo huu ulizichukulia kama kitu kimoja.

Ya kwanza ni ile iliyotoka kwenye hifadhidata yenyewe, kama zilizokataliwa. Hiyo haina sababu ya kusafiri. Ikitolewa inachakaa njiani: kati ya kuisoma na kuitumia, mkaguzi anaweza kuongeza nyingine. Hata vipande vyenyewe havioni hali moja; kwa mpangilio wa kawaida wa PostgreSQL kila swali linaona hali ya wakati lilipoanza, hata maswali yakiwa ndani ya muamala mmoja, yaani kundi la hatua zinazokubaliwa au kufutwa kwa pamoja. Kwa orodha hizi tulitumia `JOIN`, inayounganisha majedwali mawili, au `EXISTS` na kuiacha hifadhidata ifanye kazi yake ndani ya swali moja.

Ya pili ni ile inayotoka nje: lebo zilizoskaniwa ghalani. Hizo hazimo kwenye hifadhidata hadi uzipeleke, kwa hiyo lazima zisafiri. Kwenye PostgreSQL tulizipeleka zote kama parameta moja ya orodha:

`WHERE id = ANY($1)`

Ni parameta moja iwe namba tano au elfu tano, na maandishi ya swali hayabadiliki. Faida ya pembeni ni kwamba kumbukumbu ya maswali ya seva haijazwi na swali lile lile lenye alama za kuuliza 1,398, kisha 1,399, kisha 1,400.

Kwenye tableti SQLite haina aina ya data ya orodha. Zipo funksheni zake za JSON, mtindo wa kuandika orodha kama maandishi, lakini zimekuwa sehemu ya kawaida kuanzia toleo la 3.38.0 la mwaka 2022 tu, na tableti za vituoni ni za zamani. Tulitumia jedwali la muda: namba zinaingizwa humo ndani ya muamala mmoja, kisha linaunganishwa na `ndoo`. Muamala huo mmoja unasaidia kasi. Bila huo kila uingizaji unafungua na kufunga muamala wake.

Jedwali la muda lilileta jambo ambalo mtunza ghala alilipenda kuliko kasi. `IN` haisemi nini kimekosekana. Ukiuliza namba 1,412 na kurudishiwa mistari 1,405, hujui ni saba zipi hazimo, na usipohesabu hujui hata kama zinakosekana. Kwa `LEFT JOIN` kutoka jedwali la muda, inayobakiza kila mstari wake hata usiolingana na kitu, lebo zisizo na rekodi zinajitokeza zenyewe, na mtunza ghala anazifuata kwenye lori kabla dereva hajaondoka.

Tahadhari moja. `IN` haijali namba iliyorudiwa: ukiskani ndoo mara mbili, mstari unarudi mara moja. `JOIN` inajali, mistari miwili ya jedwali la muda italeta ndoo hiyo mara mbili, na kilo zake zitajumlishwa mara mbili. Kwa hiyo safu ya namba kwenye jedwali la muda lazima iwe ufunguo mkuu, yaani isiruhusu namba kujirudia.

### Orodha tupu

Katika kupitia msimbo tulikuta mstari ambao haukuwa umemuumiza mtu bado: "kama orodha ni tupu, usichuje." Ulikuwepo kwa sababu PostgreSQL inakataa `IN ()`, ingawa SQLite inaikubali. Kwa orodha ya kuondoa, mstari huo uko sawa: hakuna cha kuondoa, leta zote. Kwa orodha ya kuchagua ni hatari: mtumiaji asiyechagua ndoo yoyote anapata ndoo zote. Na kwenye skrini moja matokeo ya uchujaji yalikuwa yanakwenda moja kwa moja kwenye kitufe cha kufuta. `= ANY` ikipewa orodha tupu hairudishi kitu, ndivyo inavyopaswa, kwa hiyo mstari ule uliondolewa.

### Majaribio yaliyokuwa madogo mno

Kijana alikuwa na majaribio ya msimbo, jambo ambalo si kawaida kwa mtu anayefanya kazi peke yake. Data ya majaribio ilikuwa na ndoo hamsini. Kipande kilikuwa cha 900. Kwa maneno mengine, njia ya vipande viwili haikuwahi kupitiwa hata mara moja kabla ya kufika kwenye pesa za watu. Ukubwa wa kipande ungekuwa kitu cha kupangwa, jaribio lenye vipande vya namba mbili mbili lingeifichua `NOT IN` ndani ya dakika moja.

Jingine lililokosekana ni hesabu ambayo daftari lilikuwa nayo siku zote: zilizolipwa na zilizokataliwa, ukizijumlisha, ziwe sawa na zilizopokelewa. Sasa programu inaikagua jumla hiyo dhidi ya tarakimu ambayo mhasibu anaiandika mwenyewe kutoka daftarini, na zikipishana kitufe cha kutuma pesa hakifunguki.

### Wastani wa unyevu

Tulipofuatilia mahali pote palipoita funksheni ya vipande, tulikuta pia cheti cha unyevu anachopewa mnunuzi. Funksheni ilikuwa inachukua wastani wa kila kipande, kisha wastani wa wastani hizo. Chukua shehena ya ndoo 1,000: kipande cha ndoo 900 chenye wastani wa asilimia 17.8, na cha ndoo 100 chenye 19.8. Funksheni ingetoa 18.8. Wastani wa kweli ni 18.0. Idadi ya wafugaji nayo ilikuwa imevimba, kwa sababu mwenye ndoo katika vipande viwili alihesabiwa mara mbili.

Kosa hili kwa mfano huo limeionea asali kuwa na maji kuliko ilivyo, lakini mkia wa ndoo kavu ungeipendelea vilevile. Jumla zinaweza kujumlishwa kutoka kipande hadi kipande. Wastani na idadi ya watu wasiojirudia haviwezi, mpaka urudi kwenye namba zenyewe. Vyeti vya shehena zote zilizozidi ndoo 900 vilikokotolewa upya, na mnunuzi akapelekewa vilivyosahihishwa pamoja na barua fupi ya maelezo.

Funksheni ya vipande haikufutwa kabisa. Imebaki kwenye tableti kwa kazi moja, kupakia rekodi mpya kwenye seva kwa mafungu mtandao unapopatikana, na jina lake limebadilishwa ili mtu asije akaichukua tena kwa kuchujia.